Karatasi ya Moyo Ilisema Neno juu ya Ziwa



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu vya usalama, vumbi na maji ya kunywa. Leo ninaomba ruhusa niseme juu ya karatasi moja. Karatasi hiyo haikuunguza mtu wala haikuangukia mtu kichwani. Ilikaa tu ndani ya sanduku miezi minane. Lakini hasara yake tunaibeba mpaka leo, na mimi mwenyewe ni mmoja wa watu walioisoma vibaya. Ndiyo sababu ninaandika.

Mzee mmoja, kapita wa zamani aliyekwisha kupata pansheni, ana bibi mwenye umri wa miaka 50 na zaidi. Mama huyu alikuwa akisikia kifua kinabana kila akipanda mlima wa kwenda sokoni. Waganga walifikiri ni moyo. Watoto wakachanga feza, wakamtuma Afrika Kusini apimwe moyo kwa mashini kubwa. Baada ya juma mbili alirudi. Mzee akaja katika dispanseri nilimokuwa ninafanya kazi wakati ule, akaweka bahasha mezani. Akasema: "Mwanangu, wewe ulisoma. Tuambie maneno yaliyomo."

Zilikuwa karatasi mbili, zote kwa Kingereza. Mimi nilisoma shule ya ufundi wa afya, ile tunayoita ITM, na Kingereza changu ni kile cha maboksi ya dawa. Nilitafuta neno la moyo, nikalipata. Nilitafuta neno la kusema kwamba ni mzima, nikalipata pia. Nikasema: "Mzee, moyo wa mama uko sawa. Mshukuru Mungu." Mzee alifurahi sana. Jioni ile walichinja kuku. Karatasi zikarudi ndani ya bahasha, na bahasha ikaingia ndani ya sanduku. Mama mwenyewe hakusomewa hata mstari mmoja.

Miezi minane ilipita. Siku moja mama akaja peke yake, bila mzee. Alifungua kitambaa chake kwa haya, akanionyesha ziwa la kushoto. Ngozi ilikuwa sawa na ganda la chungwa. Chuchu ilikuwa imevutwa ndani. Chini yake kulikuwa kivimbe kigumu, kisichosogea. Nilimpeleka kwa mganga siku ile ile, kisha nikamwomba mzee alete tena ile bahasha. Usiku nilikaa na kamusi, nikasoma neno kwa neno. Katika karatasi ya pili, juu kidogo ya sahihi ya mganga, kulikuwa mistari miwili. Ilisema kwamba katika ziwa la kushoto kuna mahali palipokusanya dawa kupita mahali pengine, na kwamba inafaa ziwa hilo lipimwe.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua. Lakini nilikwenda kwao, nikawaambia wote wawili. Mzee aliinamisha kichwa. Mama alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Kumbe karatasi ilisema. Ni ninyi mlionyamaza."

Alipasuliwa, akapewa dawa kali. Leo ninapoandika yuko hai. Mkono wake wa kushoto umevimba, na waganga hawajamwambia kama ugonjwa umekwisha. Siwezi kusema kwamba tungesoma vizuri angepona kabisa. Ninajua tu kwamba miezi minane ile ilikuwa yake, na sisi tuliipoteza.

MASHINI YA MOYO INAONAJE ZIWA?

Habari hii ilipotembea kambini, watu wengi waliniuliza: mashini ya moyo inaonaje ziwa? Nitajibu kadiri nilivyojifunza tangu siku ile.

Mashini hiyo inaitwa kamera ya gama. Si sawa na radio tunayopigwa kifuani kila mwaka kwa ajili ya vumbi. Radio inatuma mionzi kupita mwilini. Kamera ya gama haitumi kitu, inapokea tu. Mgonjwa anapigwa sindano ya dawa mshipani, na ni dawa hiyo inayotoa mionzi kutoka ndani. Fikirini giza la galari chini ya ardhi. Huoni watu, lakini kila mtu ana taa yake kichwani. Ukitazama kutoka mbali unajua watu wako wapi, na mahali wengi walipokusanyika panang'aa kupita pengine. Ndivyo kamera hii inavyotazama mwili.

Taa yenyewe ni madini yanayoitwa teknesiumu. Sisi watu wa madini tujue kwamba haya hayachimbwi katika mgodi wowote. Waitaliani wawili, Carlo Perrier na Emilio Segrè, waliyapata mwaka 1937 katika mji wa Palermo, ndani ya bamba la molibdeno lililokuwa limepigwa kwa mashini kubwa huko California. Siku hizi yanazaliwa kutokana na molibdeno nyingine inayotengenezwa katika matanuru ya nyukleari kwa kupasua uraniumu. Tanuru moja la namna hiyo liko Mol, Ubelgiji. Jingine liko Pelindaba, Afrika Kusini. Linaitwa SAFARI-1, na lilianza kazi mwaka 1965.

Najua neno "nyukleari" linaogopesha hapa kwetu Katanga. Uraniumu ya Shinkolobwe ilitoka katika udongo huu, ikaingia katika bomu la mwaka 1945. Lakini dawa ya kamera ni kitu kingine. Nguvu ya teknesiumu inapungua nusu kila baada ya saa 6. Baada ya siku moja kamili inabaki sehemu 1 tu kati ya 16. Tena sehemu kubwa inatoka kwa njia ya choo na mkojo, ndiyo maana mgonjwa anaambiwa anywe maji mengi. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha ni lazima aseme mbele ya kupigwa sindano.

Teknesiumu peke yake haijui njia ya kwenda moyoni. Inafungwa pamoja na dawa nyingine inayoijulisha njia. Moja ya dawa hizo inaitwa sestamibi. Wakuu wa dawa wa Marekani waliikubali kwa kazi ya moyo mwaka 1990. Dawa hii inakwenda na damu, kisha inaingia katika chembe za mwili zinazofanya kazi nyingi. Kila chembe ina matanuru madogo sana, yanayochoma chakula na kutoa nguvu, na sestamibi inapenda kukaa ndani ya matanuru hayo. Nyama ya moyo haipumziki usiku wala mchana, kwa hiyo matanuru yake ni mengi. Sehemu ya moyo inayopata damu vizuri inang'aa. Ile yenye mshipa ulioziba inabaki giza.

Sasa mnaelewa. Kansere pia inafanya kazi nyingi mbaya. Inakua upesi, inavuta damu kwake, ina moto ndani yake. Na ziwa la kushoto liko mbele ya moyo kabisa, katika njia ya kamera. Waganga wa moyo wanalijua ziwa hilo siku nyingi, kwa sababu linawasumbua. Likiwa kubwa linatia kivuli, na moyo mzima unaweza kuonekana kama una sehemu isiyopata damu. Lakini mara nyingine ziwa lenyewe ndilo linalong'aa. Ilipotokea hivyo, waganga walianza kujiuliza kama dawa ile ile haiwezi kutumiwa kwa kutazama maziwa kwa kusudi. Mwaka 1997 Marekani iliikubali kwa kazi hiyo pia, kama msaada baada ya foto ya ziwa inayoitwa mamografia. Dawa ni ile ile. Ilipewa tu jina jingine la kuuzia.

KUNG'AA SI HUKUMU

Hapa ninaomba mtulie, maana ndipo watu wanapokosea pande mbili.

Wa kwanza anakosea akifikiri kila kinachong'aa ni kansere. Si hivyo. Ziwa la mama anayenyonyesha linaweza kung'aa. Jipu linaweza kung'aa. Kuna vivimbe visivyo vibaya, hasa vya wasichana, navyo vinaweza kung'aa. Mtu asimwambie mama "una kansere" kwa sababu ya mistari miwili ya kamera.

Wa pili anakosea akifikiri kwamba kisichong'aa ni kizima. Hilo ni hatari zaidi. Wakati wa kupima moyo mama analala chali, ziwa limetandazwa, na kamera iko mbali nalo kidogo. Haikuwekwa pale kwa ajili ya ziwa. Kivimbe kisichofika sentimita 1 mara nyingi hakionekani. Kwa hiyo mama aliyepimwa moyo, na karatasi yake haikutaja ziwa, asiseme: "Mashini kubwa ilinitazama, mimi ni mzima maziwa."

Ninyi mliofundishwa usalama mtaelewa kwa maneno haya: kamera ya moyo ikitaja ziwa, hiyo ni kengele. Kengele ikilia, tunakwenda kutazama. Isipolia, hatuvui kofia.

JE, TUITAFUTE MASHINI HIYO?

Baada ya habari ya mama yule, akina mama wawili walikuja kuniomba niwaandikie barua waende nchi ya nje, wapimwe maziwa kwa mashini ya moyo. Bwana mmoja aliniuliza kama auze mabati aliyonunua kwa kujenga nyumba. Niliwajibu hapana, na ninataka kueleza juu ya nini.

Sikatai kwamba elimu hii ni ya kweli. Mamografia ina udhaifu wake: wanawake wengine, hasa wale wasio na umri mkubwa, wana maziwa yenye nyama nzito, na nyama hiyo katika foto ni nyeupe. Kansere nayo ni nyeupe. Ni sawa na kutafuta mbuzi mweupe ndani ya ukungu. Kamera ya gama haijali uzito wa nyama. Kwa hiyo mafundi walitengeneza kamera ndogo za ziwa tu, zinazolishika kwa karibu kutoka pande mbili. Macho yake ni vipande vya kadmiamu, zinki na teluriamu. Hiyo zinki ni madini yale yale yanayochimbwa Kipushi. Mwaka 2015 waganga wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza matokeo ya wanawake 1,585 wenye maziwa mazito. Walioonekana kuwa na kansere walikuwa 21. Mamografia peke yake iliona 5. Mamografia pamoja na kamera ziliona 19. Hilo si jambo dogo.

Lakini sikilizeni. Kamera hizo zilitengenezwa kwa ziwa. Ile inayopima moyo ni nyingine. Tena dawa ya sindano inapita mwili mzima, na mionzi yake kwa mwili ni mara kadhaa kupita ile ya mamografia. Si kitu cha kufanya kila mwaka bila sababu. Na jambo la tatu ndilo kubwa kwangu: kamera ikimaliza kazi yake, hata ile nzuri kabisa, mganga lazima achukue sindano, atoe kinyama kidogo mahali palipong'aa, na kinyama kitazamwe kwa darubini. Hakuna mashini inayoruka hatua hiyo. Mahali penye sindano na darubini bila kamera, mgonjwa mwenye kivimbe anapata jibu. Mahali penye kamera bila sindano na darubini, anapata swali tu, tena swali la feza nyingi.

Kwa hiyo mwenye kusikia kivimbe leo hahitaji ndege. Anahitaji mkono wa mtu anayejua, ekografi kama ipo, na sindano. Kuuza mabati kwa kutafuta kamera, huku kivimbe kinashikika kwa vidole, ni kutoka hapa mpaka mbali kutafuta kitu kilichoko mlangoni.

MKONO SI KITU CHA KUDHARAU

Fundi wa mgodi, mbele ya kuanza kazi, anachukua baramini, anapiga mwamba wa juu, anasikiliza. Mwamba mzima unalia namna yake. Mwamba uliopasuka unalia tupu. Hakuna anayengoja mashini kutoka Ulaya ili ajue jiwe linaloweza kumwangukia. Anatumia mkono wake na sikio lake, kila siku, kwa sababu alifundishwa.

Kwa maziwa ni vile vile. Katika mji wa Mumbai, India, tangu mwaka 1998, wanawake 151,538 wenye miaka 35 mpaka 64 waliingizwa katika jaribio kubwa. Nusu yao walipimwa maziwa kwa mkono kila baada ya miaka 2. Waliowapima hawakuwa waganga. Walikuwa wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo vizuri. Matokeo ya miaka 20 yalitangazwa mwaka 2021. Katika kundi lililopimwa, kansere ilikamatwa mapema zaidi. Kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi, vifo vya kansere ya ziwa vilipungua karibu 30 kwa 100. Kwa wale wa chini ya miaka 50 upungufu wa vifo haukuonekana wazi. Ninalisema pia, ili msifikiri ninauza dawa ya soko.

Lakini mkono wa nyumbani peke yake hautoshi. Huko Shanghai, China, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo, wafanyakazi kama sisi, waliingia katika jaribio jingine. Nusu walifundishwa kujipima wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: vifo vilikuwa sawa pande zote mbili, na waliofundishwa walipasuliwa vivimbe vingi visivyo vibaya. Mimi ninajifunza nini hapo? Kwamba mama ajue mwili wake, ndiyo, na akiona badiliko asingoje. Lakini tusimbebeshe mzigo wote halafu tukalala. Nyuma ya mkono wake lazima kuwe mkono uliofundishwa, na nyuma ya mkono huo lazima kuwe njia iliyo wazi mpaka kwenye jibu.

NENO LANGU

Sasa nitasema mawazo yangu. Wakubwa wa kazi wanisamehe kama nimepita mipaka. Mimi ni mtu wa dispanseri tu.

Kwanza, kila karatasi inayotoka katika hospitali ya nje isomwe mpaka mwisho. Isisomwe na mtu mmoja mwenye haraka na watu thelathini mlangoni, kama nilivyofanya. Isomwe na mganga, na kama lugha haijulikani, itafutiwe mwenye kuijua. Kisha maneno yote yaandikwe katika fishi ya mgonjwa, hata yale yasiyohusu ugonjwa uliompeleka. Katika kazi yetu ya usalama hatuandiki tu ajali iliyotokea. Tunaandika pia jiwe tuliloona limelegea. Mistari miwili ile ilikuwa jiwe lililolegea.

Pili, karatasi ya mama isomwe mbele ya mama, kwa lugha anayoisikia. Mwili ni wake. Mzee yule si mtu mbaya. Alitunza bahasha kama alivyotunza hati ya kiwanja chake. Lakini aliificha kwa mwenyewe bila kujua. Mama angesikia neno "ziwa la kushoto", angejishika jioni ile ile.

Tatu, kila dispanseri iwe na mwanamke mmoja aliyefundishwa kupima maziwa kwa mkono, na siku moja ya juma ijulikane kwa kazi hiyo. Ninasema mwanamke, maana ninajua ni wangapi waliogeuka mlangoni waliponiona mimi nimekaa pale. Mafundisho hayo hayahitaji mashini kubwa. Yanahitaji siku chache, mwalimu mzuri na kichumba chenye pazia.

Nne, tuhesabu siku. Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilianza mwaka 2021 kazi ya kupunguza vifo vya kansere ya ziwa. Limeweka mpaka: tangu mama anapoonyesha kivimbe mpaka anapopata jibu kamili zisipite siku 60. Mimi ninaomba tarehe ya kwanza iandikwe juu ya fishi kwa wino mwekundu. Siku ya 30 mtu aulize: "Huyu mama amefika wapi? Sindano imepigwa? Darubini imejibu?" Kama tunaweza kuhesabu siku bila ajali na kuziandika juu ya ubao mkubwa pale mlangoni, tunaweza kuhesabu hizi pia.

Wengine watasema: bora kampuni inunue kamera. Siku kampuni au serikali itakapoleta kamera ya gama katika mji wetu kwa ajili ya moyo na magonjwa mengine, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini kama leo feza ni ya kitu kimoja, basi iwe ya sindano, ya darubini na ya mtu anayejua kutazama ndani yake. Kamera ikija baadaye, itakuta njia imekwisha kufunguliwa.

KWA AKINA MAMA NA MABWANA ZAO

Akina mama, haya ndiyo ya kuangalia. Kivimbe ndani ya ziwa au kwapani, hata kama hakiumi. Tena kansere ya kwanza mara nyingi haiumi. Ziwa moja linalobadilika ukubwa au sura. Ngozi inayokunjamana au kuwa sawa na ganda la chungwa. Chuchu inayoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, au inayotoa damu. Kidonda juu ya chuchu kisichopona. Ukiona moja ya hayo, njoo. Vivimbe vingi vinavyokuja kwetu si kansere, lakini huwezi kujua ukiwa nyumbani.

Anayenyonyesha asidanganywe na neno "ni maziwa tu yamekusanyika". Inaweza kuwa kweli. Lakini kama umekunywa dawa mpaka mwisho na kivimbe kimebaki, rudi, ukaseme kwa sauti: kimebaki. Na asiyeona kivimbe ila anapimwa moyo nchi ya nje, mbele ya kutoka kule aulize swali moja: "Kuna kitu kingine mlichoona, kisicho moyo?"

Mabwana, wanaume wengine wanasema ugonjwa wa ziwa ni wa aibu, au ni wa kurogwa, au ni bibi aliyetupiwa jicho na jirani. Miezi inapita kwa mikutano ya jamaa, na kivimbe hakisubiri mkutano. Tena mjue kwamba mwanaume naye anaweza kupata kansere ya ziwa, ingawa ni mara chache. Bibi akikuambia "nimeshika kitu hapa", usimjibu "tutaona mwisho wa mwezi". Wewe fundi unayesimamisha kazi ya kundi zima kwa sababu ya ufa mmoja juu ya kichwa, juu ya nini unasema hivyo nyumbani?

Juma lililopita nilimtembelea mama yule. Alinipa kiti, akaniuliza habari ya watoto. Nilimwambia ninataka kuandika habari yake katika gazeti, bila jina. Alifikiri kidogo, akasema: "Andika, mwanangu. Lakini usiandike kwamba mashini ilikosa. Mashini iliona."

Nimeandika kama alivyosema. Mwenye karatasi ndani ya sanduku, aitoe leo, ailete. Tutaisoma pamoja, mpaka mstari wa mwisho.